Plastiki Inayokubali Gundi

Kalamu ya Bic ile ya kawaida, yenye mwili unaoonyesha ndani na kifuniko cha rangi ya wino, imetengenezwa kwa plastiki mbili zisizofanana tabia hata kidogo. Mwanafunzi anayetafuna kalamu darasani ameshazipima zote mbili kwa meno yake. Mwili ukiubana sana unalia ta! na kupasuka kwa ufa mnyoofu wenye kingo za kukata ulimi. Kifuniko ukikitafuna kinabonyea, kinashika alama za meno, kinapauka pale kilipokunjwa, na kesho yake bado ni kizima. Mwili ni polistirini. Kifuniko ni polipropilini. Anayetaka kujenga kwa mkono wake nyumba ndogo, behewa dogo au lori dogo linalofanana na lile la kweli, somo lake la kwanza la plastiki ndilo hilo: ile inayopasuka inaelewana na wembe na gundi, ile inayobonyea itamsumbua mpaka ajue njia yake.

Wajenzi wa modeli ndogo wa Ulaya, Marekani na Japani huinunua polistirini ikiwa tayari katika karatasi nyeupe, nyingine nyembamba ya robo milimita, nyingine nene ya milimita mbili. Slater's ya Uingereza wanaiuza kwa jina la Plastikard. Evergreen ya Marekani wanaikata hata vijiti vyembamba vya kufanyia fremu za madirisha. Kwa vipande hivyo mtu huichukua modeli ya kununua na kuigeuza: anaongeza baraza, anarefusha bodi la lori, anaibomoa stesheni ya kigeni na kuijenga upya iwe stesheni ya kwao.

Kijana wa Kigwa, wilaya ya Uyui, hana duka la namna hiyo. Lakini Kigwa imekaa kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo, ikavuka Ugogo, ikapita Rubuga na Kigwa kabla ya kuingia Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipita upande huu mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Njia hiyo siku zote imeleta vitu vilivyotengenezwa mbali: merikani, ushanga, waya wa shaba. Siku hizi malori yanaleta mafuta ya kula kwenye madumu, maji kwenye chupa, televisheni iliyozungushiwa povu jeupe gumu, mabomba ya maji, mtindi kwenye vikombe. Kilichomo kinatumika, chombo kinabaki. Karatasi ya plastiki ya kujengea iko tayari kijijini, ila imejificha katika umbo la kitu kingine, tena imechanganyika na plastiki nyingine zisizoshika gundi. Kazi ni kuitambua.

Namna ya kuitambua imetokana na ugunduzi ambao wanakemia wenyewe waliukataa kwa miaka mingi. Mwaka 1839 mfamasia wa Berlin, Eduard Simon, alikeneka utomvu wa mti uitwao Liquidambar orientalis, unaoota Uturuki. Akapata mafuta mepesi yenye harufu, akayahifadhi. Baada ya siku kadhaa aliyakuta yamekuwa rojo zito. Akadhani yameharibiwa na hewa, kwamba yameungana na oksijeni. Mwaka 1845 John Blyth na August Wilhelm Hofmann, wakifanya kazi London, walionyesha kwamba yanaganda hata pasipo oksijeni. Hakuna kilichoongezwa wala kilichotoka. Elementi ni zile zile, kwa kiasi kile kile, lakini kilichokuwa majimaji kimekuwa kigumu. Mafuta hayo ndiyo stirini, na kiasi kidogo sana cha stirini hiyo kimo hata ndani ya mdalasini tunaotia kwenye chai.

Aliyelifumbua fumbo hilo ni Mjerumani Hermann Staudinger. Mwaka 1920, akiwa profesa huko Zurich, aliandika kwamba molekuli ndogo za stirini zimeshikana moja baada ya nyingine kwa kifungo halisi cha kikemia, zikawa mnyororo mmoja wa maelfu ya viungo. Wakubwa wa kemia wa wakati ule waliamini molekuli haiwezi kuwa ndefu kiasi hicho. Kwao mpira, pamba na stirini iliyoganda vilikuwa ni molekuli ndogo zilizosogeleana tu. Heinrich Wieland, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1927, alimshauri aachane na wazo hilo. Staudinger hakuachana nalo. Tuzo yake mwenyewe ilikuja mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 72.

Ushahidi mmoja aliouegemea sana anaujua kila mpishi wa Unyamwezi, hata kama hajawahi kulisikia jina la Staudinger. Alipima jinsi kimiminika kinavyokuwa kizito ukiyeyusha ndani yake kitu chenye minyororo. Koroga vijiko viwili vya sukari katika kikombe cha maji: maji yatamiminika vile vile kama kawaida. Chemsha majani machache ya mlenda, au bamia mbili, katika maji kiasi hicho hicho: yanakuwa mazito, yanateleza, na ukiinua mwiko uzi unaning'inia na kukataa kukatika. Ute ulioyeyuka humo ni mchache kuliko ile sukari. Tofauti iko kwenye urefu. Molekuli ya sukari ni fupi, inajigeuza mahali pake bila kumgusa mwenzake. Ute wa mlenda ni minyororo mirefu iliyoungwa kwa viungo vya jamii ya sukari, na mmoja ukivutwa unawavuta wengine. Staudinger alionyesha kwamba kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo kimiminika kinavyozidi uzito. Ukishaona mlenda unavyovutika kutoka bakuli hadi kwenye tonge, umekiona kwa macho kile ambacho maprofesa wa 1920 walikikana. Wala sifananishi tu: mlenda ni polima, na plastiki ni polima.

Plastiki zote, basi, ni minyororo mirefu, na uti wa karibu zote tunazozishika kila siku umejengwa kwa kaboni. Kinachozitofautisha ni kile kinachoning'inia ubavuni. Polithini ya dumu la mafuta haina kitu ubavuni isipokuwa haidrojeni, ambayo ni ndogo kuliko zote. Mnyororo wake ni mwembamba na laini, kwa hiyo minyororo inalala sambamba, inajipanga, inabanana. Polistirini imebebeshwa pete kubwa ya kaboni sita kwenye kila kiungo. Pete hizo zinagongana, minyororo haiwezi kujipanga wala kuteleza, inabaki imevurugika na kushikana hivyo hivyo mpaka joto lifike karibu nyuzijoto 100. Ndiyo maana polistirini tupu inapitisha mwanga, ni ngumu, na ikizidiwa inapasuka badala ya kuvutika. PVC ya mabomba inabeba klorini, na yenyewe inaanza kulegea kwenye nyuzijoto 80 hivi. Namba hizo mbili, 100 na 80, ziweke akilini. Zitakuja kuamua kazi ya sufuria.

Anza na wembe. Tafuta kasha kuukuu la CD, lile gumu linaloonyesha ndani, au ganda la nyuma la redio iliyokufa. Weka rula ya chuma, pitisha ncha ya wembe mara mbili au tatu kwenye mstari mmoja. Usijaribu kukata mpaka chini, kwaruza tu. Kisha kunja taratibu mkwaruzo ukiwa upande wa nje. Kipande kinaachana kwenye mstari ule ule, kingo safi, bila vumbi na bila msumeno. Fundi vioo sokoni Tabora anafanya kazi hiyo hiyo kila siku, na sababu ni moja. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith aliieleza mwaka 1921 alipochunguza vioo: nguvu ya kukunja haijigawi sawasawa, inakimbilia yote kwenye ncha ya ufa, na pale kwenye ncha inakuwa kubwa kuliko uwezo wa kitu chenyewe kushikana. Ufa ukianza hausimami. Mchoro wa wembe ni ufa uliouchagua mwenyewe, mahali ulipotaka wewe.

Ukilifanyia hivyo dumu, hakuna kinachotokea. Minyororo ya polithini iliyo kwenye ncha ya ufa inavutika, inanyooka, inaumeza ufa. Dumu linakunjika na kurudi. Hiyo ndiyo sababu linaanguka kutoka kwenye baiskeli likiwa na maji lita 20 na bado linaendelea na safari.

Karatasi za wajenzi wa modeli ziko katikati ya tabia hizo mbili. Watengenezaji huchanganya polistirini na mpira, ukiwa umetapakaa ndani yake kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ufa ukikimbia unakutana na chembe ya mpira, unapungua nguvu, unagawanyika kuwa vijinyufa vingi visivyofika mbali. Vijinyufa hivyo vinautawanya mwanga, ndiyo maana kipande kikikunjwa kinapata weupe kabla hakijavunjika. Vikombe vingi vya mtindi, trei za ndani ya maboksi ya biskuti na maganda mengi ya vyombo vya umeme ni polistirini ya namna hii. Ukikunja ukaona mstari mweupe unatokea, halafu kipande kikakatika baada ya kukunjwa mara mbili tatu, uwezekano ni mkubwa umeipata.

Uwezekano mkubwa hautoshi, kwa sababu hata polipropilini inapauka ikikunjwa, na vikombe vingine vya mtindi ni polipropilini. Tazama chini ya chombo. Mwaka 1988 viwanda vya plastiki vya Marekani vilianza kugonga pembetatu yenye namba, na desturi hiyo imeenea duniani: 1 ni PET ya chupa za maji, 2 ni polithini ngumu ya madumu, 3 ni PVC, 4 ni polithini laini, 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini, 7 ni nyinginezo zote. Namba 6 ndiyo unayoitaka. Lakini kipande kilichookotwa kimevunjika mara nyingi hakina namba, na hapo ndipo maji na chumvi vinapotoa ushahidi.

Kata kipande cha ukubwa wa kucha. Kisugue kwa maji ya sabuni kitoke mafuta, maana kiputo kimoja cha hewa kilichong'ang'ania kinaweza kukudanganya. Kizamishe kwa kidole ndani ya glasi ya maji, kisha ukiachie. Kikipanda juu ni polithini au polipropilini, kwa kuwa densiti ya zote mbili iko chini ya ile ya maji. Kikibaki chini, yeyusha gramu 100 za chumvi katika lita moja ya maji, ukirudishe humo. Polistirini ina densiti ya 1.05 hivi, na maji hayo ya chumvi ni kama 1.06, utaona kipande kinaondoka chini bila haraka, kinapanda. PVC na PET, zenye karibu 1.4, zitabaki pale pale. Chumvi ya Uvinza imekuwa ikiingia Unyamwezi tangu kabla ya msafara wowote wa pwani, na sioni kazi nzuri zaidi ya kuipa fungu dogo la chumvi hiyo kuliko hii: inamwezesha mtoto wa shule kutenganisha molekuli asizoziona, bila mashine, kwa tofauti ya sehemu moja katika mia.

Kuna plastiki nyingine itakayopanda pamoja na polistirini kwenye maji hayo: ABS, inayotumika kwenye maganda ya redio, simu za mezani na vifaa vya ofisini. Isikusumbue. Inakatika vizuri, inashika gundi vizuri, na ni imara kuliko polistirini. Ila maganda ya televisheni za zamani, yawe ya plastiki hii au ile, mara nyingi yamechanganywa na dawa za kuzuia moto zenye bromini. Yakate kwa wembe, lakini usiyapige msasa makavu ukavuta vumbi lake. Lowesha msasa kwanza.

Sasa sufuria. Chombo ambacho mimi nakipenda kuliko vyote kwa ajili ya kazi hii si kikombe wala kasha, ni kipande cha bomba la PVC kilichobaki baada ya fundi bomba kumaliza kazi yake. Unene wake ni wa kufaa kabisa kwa ukuta, na hakuna kijiji chenye mradi wa maji kisicho na vipande hivyo. Kipasue kwa msumeno wa chuma kwa urefu wake, mstari mmoja tu. Chemsha maji. Tabora iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji hayangoji nyuzijoto 100. Yanachemka kwenye 96 hivi. Hapo ndipo zile namba mbili zinapofanya kazi. Nyuzijoto 96 ni nyingi kwa PVC, inayolegea kwenye 80, na ni chache kwa polistirini, ambayo hata ikichemshwa Kigwa kutwa nzima itakulegezea kidogo tu. Lizamishe bomba, lishikilie kwa koleo. Mwanzoni halifanyi lolote. Kisha ule mpasuo unaanza kufunguka ukiusukuma, bomba linakubali mkono, linakunjuka na kuwa kipande bapa. Litoe haraka, liweke kati ya mbao mbili zilizonyooka, weka tofali juu, subiri lipoe. Kilichokuwa bomba kimekuwa karatasi ya plastiki ya kijivu, ngumu, iliyonyooka. Ukilirudisha kwenye maji yanayochemka bila mbao litajaribu kujikunja tena, kwa sababu minyororo ilipoa kiwandani ikiwa katika umbo la duara, na joto linaipa nafasi ya kurudi huko.

Fanya kwa maji tu. PVC haiwekwi juu ya moto wala kuegeshwa kwenye mkaa. Ikiungua inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, inayogeuka asidi ndani ya pua na mapafu, pamoja na sumu nyingine zinazokaa muda mrefu ardhini na mwilini. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, jambo zuri, lakini mabomba, vikombe na maganda havimo katika katazo hilo, na sehemu nyingi mwisho wake bado ni kuchomwa nyuma ya nyumba. Kipande kilichokuwa ukuta wa nyumba ndogo kabatini ni kipande ambacho hakijavutwa na mtoto kama moshi.

Gundi ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, kwa sababu wanaitegemea ishike kwa nje, namna gundi ya karatasi inavyoshika. Kwa polistirini, ABS na PVC, kiunganishi bora si kitu cha kunata bali ni kiyeyushi. Ukidondosha tone kwenye mpaka wa vipande viwili vilivyobanwa pamoja, tone linavutwa lenyewe ndani ya upenyo. Molekuli zake ndogo zinajipenyeza kati ya minyororo, zinaitenganisha, na minyororo ambayo ilikuwa imekwama inapata uhuru wa kusogea. Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes, aliyepata Nobel ya fizikia ya mwaka 1991, alieleza miaka ishirini kabla ya hapo jinsi mnyororo unavyosafiri katika hali hiyo: hauwezi kwenda kwa ubavu, wenzake wamemzunguka pande zote, unatambaa kufuata urefu wake mwenyewe. Minyororo ya kipande hiki inatambaa kuingia kile, ya kile inaingia hiki. Kiyeyushi kinaruka hewani. Kinachobaki ni kipande kimoja, wala huwezi kuonyesha mpaka ulikuwa wapi. Ukikivunja baadaye, mara nyingi kitavunjikia pembeni, si kwenye kiungo.

Kwa PVC kiyeyushi hicho kinauzwa tayari katika kila duka la vifaa vya ujenzi: ni gundi ya bomba, ile ya kikopo. Kwa polistirini, thina ya kupunguzia rangi hufanya kazi, ingawa michanganyiko inatofautiana, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha inaiyeyusha ABS vizuri na kuilainisha polistirini, lakini kwenye polistirini inayoonyesha ndani huacha ukungu. Tumia ncha ya brashi, tone moja. Ukimwaga, karatasi nyembamba inalegea yote na nyumba inaanguka. Subiri hadi kesho yake kabla ya kuilazimisha, maana nje hukauka kwa dakika na ndani kwa saa nyingi. Mabaki ya polistirini yakusanye kwenye kichupa cha kioo pamoja na thina kidogo. Yatageuka uji mzito wa kuzibia nyufa na pembe zilizoachana. Kazi hii ifanyiwe nje, kwenye upepo, mbali na jiko na kibatari. Mvuke wa viyeyushi hivi unalewesha, unaumiza ubongo na ini kwa anayeuzoea, na unashika moto kwa cheche. Mtoto asiachiwe kichupa hicho peke yake, na kifuniko kirudishwe kila baada ya tone.

Dumu nalo halina kiyeyushi kitakacholisaidia kwa joto la kawaida. Minyororo yake imejipanga kwa kubanana sana, kiyeyushi hakipati mlango; na kwa nje halina chochote cha kuvutana na gundi, hata zile za bei mbaya. Watoto wanaotengeneza magari ya madumu wamelijua hilo bila mwalimu. Wanatoboa kwa msumari wa moto na kushona kwa waya, magurudumu ya ndala wanayapitishia ekseli ya kijiti, hawagusi gundi kabisa. Mafundi wanaoziba mabeseni na ndoo kwa chuma cha moto nao wamefika kwenye jibu sahihi: polithini huungana na polithini kwa kuyeyuka, na huyeyuka kwenye nyuzijoto 130 hivi. Ninaposikia mtu akiyaita magari yale michezo ya umaskini nasikitika, kwa sababu kila kiungo chake kimefuata sheria ya nyenzo iliyotumika. Kwenye modeli yako, dumu litumie pale panapohitaji kukunjika: turubai la lori, vikinga matope vya magurudumu, mapipa. Na kifuniko cha chupa cha kufunguka kwa kukunja, kile cha polipropilini, usikitupe. Ule mkunjo mwembamba ni bawaba. Kila ukikunjwa minyororo inanyooka kuvuka mkunjo, na unaweza kufunguliwa na kufungwa maelfu ya mara. Kata kipande chake, kishone kwa waya mwembamba kwenye fremu, mlango wako utafunguka kweli.

Mlango ninaoufikiria ni wa tembe. Nje kidogo ya mji wa Tabora, Kwihara, ipo tembe ambayo Stanley na Livingstone walikaa pamoja mwezi Februari na Machi 1872, na Livingstone akabaki humo hadi Agosti akingoja wapagazi. Leo ni makumbusho. Ni jengo linalofaa sana kwa modeli ya kwanza: kuta nene zilizonyooka, paa bapa, baraza, ua katikati, na mlango wa kuchongwa wa mtindo wa pwani. Nenda na futi ya kupimia na daftari. Chagua skeli ya 1 kwa 50, na hesabu inakuwa rahisi: kila sentimita ya kweli inakuwa sehemu ya tano ya milimita. Mtu wa sentimita 170 atakuwa na urefu wa milimita 34. Mlango wa mita mbili utakuwa milimita 40. Ukuta wa unene wa sentimita 40 utakuwa milimita 8, unene ambao utaupata kwa kuweka vipande viwili vya bomba lililonyooshwa, na vijiti vya kutenganisha katikati yake. Anayependa treni kuliko nyumba atumie skeli hiyo hiyo: reli ya kati iliyofika Tabora mwaka 1912 ina upana wa mita moja, kwa hiyo modeli yake ni milimita 20, reli ya kisasa ya milimita 1,435 itakuwa 28.7.

Mlango ndio mahali pa kutulia. Ubao wa nyuma ufanye kwa polistirini nyeupe ya kikombe. Juu yake gundisha vijiti vyembamba, tabaka juu ya tabaka: fremu ya nje, mstari wa ndani, nguzo ya katikati. Mapambo hayachongwi, yanabonyezwa. Ncha ya kalamu iliyokwisha wino ina kigololi cha milimita moja. Ukiikandamiza kwenye polistirini yenye mpira ndani inaacha kidimbwi cha duara, na vidimbwi vilivyopangwa vizuri vinatoa maua ya mlango. Sindano inatoa mistari. Ukikosea, gundisha kipande kipya juu, uanze tena.

Kabla ya rangi, pitisha msasa laini uliolowa na uoshe kwa sabuni, maana mafuta ya vidole yanatosha kuizuia rangi kushika. Tumia rangi za maji. Rangi ya kopo la kupuliza ina viyeyushi vile vile vya kwenye gundi, na ikipulizwa kwa karibu inayala mapambo uliyoyabonyeza siku nzima. Kwa kuta na paa, paka gundi ya mbao nyembamba, halafu nyunyizia udongo wa Kigwa wenyewe, uliochekechwa kwa kitambaa chepesi. Hakuna rangi ya dukani inayoufikia.

Jua liogope. Mwale wa jua usioonekana una nguvu ya kukata mnyororo wa polima, na mnyororo uliofupishwa hauna tena ule uwezo wa kushikana na wenzake. Polistirini inageuka njano na kukakamaa, polipropilini inapukutika, PVC inapata unga mweupe kwa juu. Rangi na udongo vinasaidia kwa kuuzuia mwale usifike ndani, lakini modeli isiwekwe dirishani. Hata wakati wa kuokota, chagua vipande vilivyokaa kivulini. Bomba lililolala juu ya paa misimu kadhaa liache hapo hapo. Ukilitia kwenye maji ya moto na kulikunjua, litapasukia mikononi.